Doa Lisilofifia Halingoji Asubuhi

Mimi ni bwana shamba. Kazi yangu ni pamba, mpunga, mtama na alizeti. Kwa miaka mingi nimezunguka vijiji vya Igunga, kutoka mbuga ya Wembere mpaka bonde la mto Manonga. Watu huniuliza dawa ya wadudu wa pamba. Huniuliza nafasi ya kupandia mtama. Hayo nayajua. Niliyasomea na cheti ninacho.

Leo sitaandika habari za shamba. Nitaandika habari za ugonjwa mmoja wa damu na ngozi. Si ugonjwa wa kila siku. Huenda ukaishi mpaka uzeeni usiuone. Lakini mimi niliuona nyumbani kwa dada yangu, mwezi wa Agosti mwaka 2015. Niliuona, nisiujue. Kwa sababu sikuujua, niliwaambia watu wangoje. Hasara ya kungoja kule aliipata mtoto.

Ndiyo maana naandika. Nataka wewe uujue kabla haujafika kwako.

YALIYOTUKUTA

Mpunga ulikuwa umekwisha kuvunwa. Ilikuwa kiangazi, upepo na vumbi. Mtoto wa dada yangu alikuwa na miaka sita, ameanza darasa la kwanza mwaka ule. Jioni alirudi kutoka kuchunga mbuzi, akasema miguu inamuuma. Hakutaka kula. Usiku ulipoingia, mwili ukawa moto. Akatapika mara mbili.

Dada yangu aliniuliza, "Kaka, tufanyeje?"

Aliniuliza kwa sababu mimi ni mtumishi wa serikali. Nyumbani kwetu mimi ndiye niliyesoma. Nikajibu upesi, kama mtu anayejua. Nikasema, "Hiyo ni malaria. Mpe panadoli alale. Kesho asubuhi tutampeleka zahanati."

Yule mtoto hakulala. Alilalamika miguu. Bibi yake alimshika mikono akasema, "Ajabu. Kifua ni moto, lakini mikono na nyayo ni baridi kama maji ya mtungi."

Mimi nikasema, "Ni homa tu, mama."

Karibu na usiku wa manane bibi akamulika tochi. Akaona vidoa kwenye mapaja, vidogo kama punje za ulezi. Rangi yake ilikuwa ya zambarau iliyoiva. Akaniita nije nione. Nikatazama. Nikasema, "Ni viroboto hao. Au ni upele wa joto." Nikarudi kulala.

Jogoo wa kwanza alipowika, vile vidoa vilikuwa vimeungana. Doa moja lilikuwa kubwa kama sarafu. Alfajiri lilikuwa kubwa kama kiganja cha mtu mzima, na katikati lilikuwa jeusi kama chungu chini. Vidole vya mguu wa kushoto vilikuwa vimebadilika rangi. Mtoto alikuwa akiitwa, anaitika kwa shida.

Jirani mmoja akasema tumwite mzee wa kijiji, mganga wa jadi, amchanje chale ili damu mbaya itoke. Mzee akaja. Akalitazama lile doa kwa muda. Akaligusa kidogo kwa kidole. Kisha akafunga mkoba wake, akasema, "Hii si kazi yangu. Ningemchanja, damu isingesimama. Mpelekeni hospitali sasa hivi. Msingoje hata uji."

Mzee yule hakusoma shule hata siku moja. Lakini alijua mwisho wa kazi yake. Mimi niliyesoma sikujua mwisho wa kazi yangu. Hilo nimelikumbuka siku zote.

Tulimpakia kwenye pikipiki, mama yake akamshika. Pale zahanati muuguzi alimtazama mara moja, akachukua glasi ya kunywea maji. Akabonyeza ubavu wa glasi juu ya doa. Doa halikufifia. Akapima malaria, malaria haikuonekana. Akamchoma sindano ya dawa papo hapo, akampigia simu daktari. Gari la wagonjwa likaja. Muuguzi hakupoteza dakika. Saa zilizopotea zilipotea nyumbani, tena kwa neno langu.

Mtoto alikaa hospitali zaidi ya miezi miwili. Hakufa. Lakini vidole vyote vya mguu wa kushoto vilikufa, vikakatwa. Ngozi ya paja ilikufa, ikaondolewa, wakachukua ngozi ya mahali pengine mwilini mwake wakaipandikiza pale.

UGONJWA HUU NI NINI?

Madaktari huuita papura fulminansi. Jina hilo ni la Kilatini. Neno la kwanza lina maana ya rangi ya zambarau. Neno la pili lina maana ya kupiga kama radi. Basi ni madoa ya zambarau yanayokuja kama radi. Jina hilo linasema kweli. Mtoto aliyekuwa akichunga mbuzi mchana, alfajiri alikuwa karibu na kifo.

Madoa hayo ni nini? Ni damu. Ila si damu iliyotoka nje. Ni damu iliyo ndani ya ngozi yenyewe.

Nitaeleza kwa mfano wa shamba, maana huo ndio ninaoujua.

Fikiri majaruba ya mpunga. Maji yanatoka kwenye mfereji mkubwa. Yanaingia mifereji midogo. Kila mfereji mdogo unanywesha jaruba lake. Sasa matope yakiziba mifereji midogo, jaruba la chini halipati maji. Mpunga wake unanyauka, unakuwa mkavu, unakufa. Wakati huohuo, mahali pengine tuta linabomoka na maji yanamwagika ovyo.

Ndivyo ilivyo katika mwili. Damu hupita katika mishipa mikubwa, kisha katika mishipa midogo sana, myembamba kuliko unywele. Katika ugonjwa huu damu huganda ndani ya mishipa hiyo midogo, kama maziwa yanavyoganda katika kibuyu. Mishipa inaziba. Ngozi iliyo mbele yake haipati damu. Ngozi isiyopata damu inakufa, nayo ikifa inakuwa nyeusi.

Tena kuna jambo la pili. Damu ina vitu vinavyoifanya igande. Vitu hivyo ndivyo vinavyofunga jeraha ukijikata na jembe. Katika ugonjwa huu vitu hivyo vinatumika vyote ndani ya mishipa, vinakwisha. Basi mahali pengine damu haigandi tena. Inavuja chini ya ngozi. Inatoka puani, kwenye ufizi, au mahali palipochomwa sindano. Mgonjwa huyohuyo damu yake inaganda na inavuja kwa wakati mmoja. Ndiyo maana mzee wetu alifanya vema kutomchanja.

Sisi wafugaji tunaijua damu isiyoganda. Ng'ombe akifa ghafla na damu nyeusi inamtoka puani bila kuganda, tunajua huenda ni kimeta. Hatumchuni, hatumli. Tunamwita mtaalamu wa mifugo. Tumejifunza kuisoma damu ya ng'ombe. Basi tujifunze pia kusoma damu ya mtoto wetu.

UNATOKA WAPI?

Kwa kawaida mwili una vizuizi vinavyozuia damu isigande ovyo. Kizuizi kimoja kikubwa kinaitwa protini C. Ni kama yule mzee wa mfereji anayezibua matope kila siku. Akiwepo, maji yanakwenda. Asipokuwepo, mifereji inaziba. Vizuizi hivyo vinaweza kukosekana kwa njia tatu.

Njia ya kwanza ni vijidudu kuingia katika damu. Hii ndiyo iliyompata mtoto wetu. Vijidudu vinavyojulikana zaidi kwa jambo hili vinaitwa meningokoko. Hivyo ndivyo pia vinavyoleta aina moja ya homa ya uti wa mgongo. Sumu yake huamsha damu igande, na vizuizi vinakwisha upesi. Vijidudu vingine, kama nimokoko, vinaweza kufanya hivyohivyo. Watoto wenye ugonjwa wa selimundu, ambao wengi wetu tunauita sikoseli, wako katika hatari zaidi. Kwao bandama huharibika mapema, na bandama ndiyo mlinzi wa damu. Nchi yetu ni mojawapo ya nchi zenye watoto wengi wanaozaliwa na selimundu, kwa hiyo jambo hili linatuhusu.

Njia ya pili huja baada ya ugonjwa mwingine kupona. Mtoto anaugua tetekuwanga, au maambukizo ya koo. Anapona. Baada ya wiki moja au siku kumi hivi, madoa ya zambarau yanatokea ghafla, mara nyingi kwenye mapaja, miguu na makalio. Mwili ulikuwa unapigana na vijidudu, ukakosea, ukapiga vizuizi vyake wenyewe. Jambo hili hutokea kwa nadra sana. Watoto karibu wote wanaougua tetekuwanga wanapona bila taabu hiyo.

Njia ya tatu ni kuzaliwa bila protini C. Hii ni nadra kuliko zote. Mtoto mchanga anatokewa na madoa meusi saa chache au siku chache baada ya kuzaliwa. Amerithi upungufu huo kwa baba na kwa mama, wote wawili. Wazazi wenyewe wanaweza kuwa wazima kabisa. Basi mama asilaumiwe. Si laana, wala hakuvunja mwiko.

DALILI ZA KUTAZAMA

Ndugu msomaji, sehemu hii isome polepole. Ikiwezekana, isome kwa sauti ili na wengine wa nyumbani wasikie.

Kwanza, homa ya ghafla na unyonge mkubwa. Mtoto analegea. Hataki kunyonya au hataki kula. Anatapika.

Pili, mikono na nyayo ni baridi, hata kama kifua ni moto. Miguu inauma, mtoto hataki kusimama. Anapumua haraka. Dalili hizi zinaweza kuja kabla ya doa lolote. Bibi alizitambua mapema. Mimi nilizipuuza.

Tatu, madoa. Mwanzoni ni madogo, mekundu au ya zambarau. Yanauma. Yanaongezeka upesi na kuungana. Baada ya saa chache yanakuwa ya bluu iliyokoza, kisha meusi. Pengine yanatoa malengelenge yenye damu. Ngozi inakuwa ngumu.

Nne, ncha za mwili zinabadilika rangi. Tazama vidole vya mikono na vya miguu, pua na masikio.

Tano, damu inatoka mahali isipopaswa kutoka. Tazama puani, kwenye ufizi, katika mkojo, na mahali palipochomwa sindano.

Kama uti wa mgongo nao umeingia, shingo inakakamaa. Mgonjwa anauchukia mwanga, kichwa kinauma sana, au anachanganyikiwa. Kwa mtoto mchanga, utosi unaweza kuvimba.

Ngozi yetu ni nyeusi. Madoa haya hayaonekani kwa urahisi juu yake, hasa usiku. Kwa hiyo tafuta mahali ngozi ilipo nyeupe kidogo. Tazama viganja. Tazama nyayo. Vuta kope la chini utazame ndani. Mwambie mtoto afungue kinywa, umulike juu kwenye kaakaa. Mvue nguo zote, utazame mapaja na makalio. Tochi ya simu inatosha.

JINSI YA KUPIMA KWA GLASI

Chukua glasi ya kioo inayopitisha mwanga. Weka ubavu wake juu ya doa. Bonyeza kwa nguvu kiasi, utazame kupitia kioo.

Upele wa kawaida ukibonyezwa hufifia. Ukiachia, unarudi. Damu iliyo katika mishipa imesukumwa pembeni, kisha imerudi.

Doa lisilofifia ni damu iliyokwisha kuvuja au kuganda. Hailiwezi kusukumwa. Ukiona hivyo na mtoto ana homa, hiyo ni hatari. Usingoje jambo jingine.

Lakini angalia. Kipimo hiki si cha kukutuliza. Kama madoa yanafifia, au kama hakuna doa kabisa, na mtoto amelegea, ana baridi mikononi na anapumua haraka, mpeleke vilevile. Glasi haitoshi kusema kwamba mtoto ni mzima.

TUSICHANGANYE NA MAGONJWA MENGINE

Mimi nilisema malaria. Wengi wetu husema hivyo, kwa sababu huku kwetu malaria ni nyingi. Lakini malaria kwa kawaida haileti madoa ya zambarau kwenye ngozi. Tena, hata kama kipimo kimeonyesha malaria, doa lisilofifia bado ni hatari. Mtoto anaweza kuwa na magonjwa mawili.

Surua huanza na mafua, macho mekundu na kikohozi, kisha vipele huanzia usoni na kushuka. Tetekuwanga ni malengelenge yenye maji, nayo huwasha. Viroboto na kunguni huacha alama zinazowasha, na mtoto anaendelea kucheza. Papura fulminansi haiwashi, inauma, na mtoto hachezi.

Iko pia sumu ya nyoka. Baadhi ya nyoka, kama moma, huleta uvimbe, maumivu na damu kuvuja. Naye ni mgonjwa wa hospitali, upesi vilevile.

Tena kuna homa kali za virusi zinazotoa damu. Tusisahau ugonjwa wa Marburg uliotokea mkoani Kagera mwaka 2023, na tena mwaka 2025. Kwa hiyo, mgonjwa yeyote mwenye homa na damu inayomtoka, usiishike damu yake kwa mikono mitupu. Vaa glavu, au mifuko ya plastiki ikiwa huna glavu. Mwambie mhudumu wa afya mapema.

NINI KIFANYIKE?

Jambo la kwanza ni kwenda. Usiku huohuo, saa hiyohiyo. Usingoje kuche, na kama ni siku ya mnada, usingoje mnada uishe. Kama baba yuko machungani na ng'ombe, mama asingoje ruhusa yake.

Kama zahanati iko karibu, pita hapo, kwa sababu sindano ya kwanza ya dawa ya kuua vijidudu inaweza kutolewa pale kabla ya safari. Kisha mgonjwa aende hospitali. Katika wilaya yetu iko hospitali ya wilaya pale Igunga mjini, na iko Hospitali ya Rufaa ya Nkinga. Tabora mjini iko hospitali ya mkoa ya Kitete.

Kama mgonjwa ni mtoto mchanga, piga simu namba 115. Ni bure. Ni huduma ya m-mama, ya usafiri wa dharura kwa wajawazito, kwa waliojifungua na kwa watoto wachanga.

Ukifika, usikae kimya kwenye foleni. Sema wazi, "Mtoto ana homa na ana madoa yasiyofifia." Maneno hayo ni mafupi, lakini mhudumu akiyasikia atajua kwamba jambo haliwezi kungoja.

Hospitali wanafanya nini? Wanampa dawa ya kuua vijidudu kwenye mshipa. Wanamwekea dripu. Wanampa hewa ya oksijeni. Wanaweza kumwongezea damu, au ule majimaji ya damu unaoitwa plazima. Ndani ya plazima imo ile protini C iliyokwisha. Ndugu msomaji, plazima haitengenezwi kiwandani kama mbolea. Inatoka kwa mtu aliyejitolea damu. Mtoto wetu alipewa damu ya watu ambao hatuwajui. Mwaka uliofuata nilikwenda kutoa ya kwangu.

Baadaye, ngozi iliyokufa huondolewa. Ndugu wengine hukataa hapo. Husema, "Msimkate mtoto wetu." Na mimi nilitaka kusema hivyo. Daktari akanieleza kwamba nyama iliyokufa hairudi, na ikiachwa huoza na kuua kilichobaki. Mkulima analijua hilo. Tawi lililooza hukatwa ili mti upone.

NINI KISIFANYIKE?

Usimchanje chale. Damu yake huenda isisimame.

Usimkande wala kumsugua madoa. Usimpake majivu, mafuta ya taa wala kinyesi cha ng'ombe.

Usimfunge kamba mguuni. Mguu huo tayari hauna damu ya kutosha.

Usimpe aspirini. Aspirini huzidisha kuvuja kwa damu, nayo haifai kwa watoto wenye homa.

Usimpeleke dukani achomwe sindano kwenye makalio na mtu asiye mtaalamu.

Na usimwulize bwana shamba.

NYUMBA NZIMA IANGALIWE

Meningokoko huenea kwa mate na kwa chafya, kati ya watu wanaokaa karibu. Mtu mzima anaweza kuwa navyo kooni bila kuugua. Kwa hiyo, mtoto wetu alipolazwa, sisi wa nyumba ile tuliitwa tukapewa dawa ya kuzuia. Ukiitwa hivyo, nenda. Si adhabu wala aibu.

Ugonjwa huu wa vijidudu umewahi kuenea katika nchi jirani. Mwaka 1989 mlipuko mkubwa wa uti wa mgongo ulitokea Nairobi. Mwaka 2021 ulitokea Banalia, kule Kongo, ukaua watu zaidi ya 200. Lakini ziko habari njema pia. Mwaka 2010 chanjo mpya ya meningokoko ya aina A ilianza kutolewa Burkina Faso, kisha nchi nyingine za Afrika. Mamilioni ya watu walichanjwa, na aina hiyo ikapotea karibu kabisa. Wale wanaokwenda Hija kule Makka hutakiwa kuchanjwa dhidi ya meningokoko kabla ya safari. Waulizeni mahujaji wa Tabora, watawaambia.

Hapa nchini watoto huchanjwa dhidi ya nimokoko tangu mwaka 2013. Chanjo hiyo ni bure. Mama, tazama kadi ya mtoto wako. Kama kuna nafasi tupu, ipeleke kliniki. Na kama mtoto ana sikoseli, asikose kliniki hata mara moja, na homa yake isingojewe hata siku moja.

NENO LA MWISHO

Mtoto yule sasa ni kijana wa sekondari. Anatembea akichechemea kidogo. Viatu vyake, cha kushoto hukijaza kitambaa mbele. Wakati wa kupalilia huja kunisaidia shambani, na jembe analiweza.

Siku moja, alipokuwa na miaka kumi na mbili, tulikuwa tumekaa chini ya mwembe. Akaniuliza, "Mjomba, siku ile usiku, hukuyaona yale madoa?"

Nilitaka kusema kulikuwa na giza. Nikashindwa kumdanganya. Nikamwambia, "Niliyaona, mwanangu. Sikujua ni nini, na sikutaka kusema kwamba sijui."

Hakunijibu. Aliendelea kupukuchua mahindi. Baadaye akasema, "Basi waambie wengine."

Ndugu msomaji, nimewaambia. Kutojua si kosa. Kosa ni kutojua, kisha kumwambia mwenzako angoje. Ukiulizwa jambo la ugonjwa ambalo hulijui, jibu jema ni moja tu: "Sijui. Twende zahanati."

Gazeti hili usilifungie karanga. Likate ukurasa huu, uubandike ukutani karibu na mahali unapoweka glasi.

MASWALI YA KUJADILIANA

1. Kwa nini doa la damu halififii likibonyezwa kwa glasi?

2. Ni sehemu zipi za mwili tunazozitazama ili tuone madoa kwa mtu mwenye ngozi nyeusi?

3. Bibi aliona dalili gani kabla ya madoa kutokea?

4. Katika kijiji chako, nani ana chombo cha kumfikisha mgonjwa hospitali usiku? Mmekubaliana naye?